Tafuta Kilichoisha Kwanza

Likizo ya Agosti kijana wa jirani, mtahiniwa wa kidato cha nne, alinijia jioni na daftari lake la kemia kalificha ndani ya sweta. Mvua ya hapa Birongo, Kisii, haina adabu. Ikishaanza kusikika upande wa Keumbu haimsubiri mtu afike kwake. Akaketi, akakataa hata chai.

"Mwalimu," akasema, "kipimajoto cha maabara yetu kimeharibika."

Nikamuuliza amejuaje. Akafungua daftari. Walikuwa wamechanganya sentimita za ujazo 50 za asidi ya haidrokloriki na 50 za haidroksaidi ya sodiamu, kila moja ikiwa na moli moja kwa lita. Kipimajoto kikapanda nyuzi 6 na nusu. Kisha wakaambiwa warudie kwa kipimo maradufu, 100 kwa 100. Kijana, ambaye si mjinga hata kidogo, alikuwa ameandika ubashiri wake kwa penseli pembeni mwa ukurasa: nyuzi 13. Kipimajoto kikapanda 6 na nusu tena.

"Vitu tumeongeza mara mbili, joto likakataa kuongezeka. Si kimeharibika?"

Hakikuwa kimeharibika. Kosa lake nimelikuta kwa wanafunzi miaka yote niliyofundisha kemia, na nimelikuta pia kwa watu wazima wanaobishana kuhusu mtungi wa gesi ulioisha kabla ya mwezi kuisha. Kwa hiyo makala haya ni ya mtahiniwa anayejiandaa kwa karatasi ya tatu, na ni ya mama au baba anayenunua moto kila wiki bila kujua ananunua kiasi gani.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chetu cha kila siku kimelibebesha neno "joto" mizigo miwili. Tunasema joto kwa kile kinachosomwa kwenye kipimajoto, na tunasema joto kwa kile kinachotoka kwenye makaa. Sokoni haidhuru. Kwenye hesabu inadhuru sana, ndiyo maana vitabu vya sayansi vimetupa neno "halijoto" kwa lile la kwanza. Litumie. Chukua jagi moja la maji ulimimine ndani ya ndoo, kisha chukua majagi mawili uyamimine ndani ya karai ambalo kitako chake kina eneo maradufu. Kimo cha maji kitakuwa kilekile katika vyombo vyote viwili, ingawa maji ya pili ni mengi mara mbili. Halijoto ndiyo kile kimo. Joto ndilo maji yenyewe. Kijana wangu alikuwa anapima kimo akidhani anapima maji.

Sasa tuyapime maji. Asidi kali na alkali kali zinapozimana, kila moli moja ya maji inayoundwa huachilia takriban kilojuli 57. Katika sentimita za ujazo 50 za myeyusho wa moli moja kwa lita mna moli 0.05. Zidisha 0.05 kwa 57 upate kilojuli 2.85, yaani juli 2,850. Hizo zinapasha nini? Zinapasha mchanganyiko wote, sentimita za ujazo 100, ambazo tunazichukulia kuwa gramu 100 za maji. Na kila gramu ya maji hutaka juli 4.2 ili ipande nyuzi moja. Gramu 100 zinataka juli 420 kwa kila nyuzi. Gawanya 2,850 kwa 420: nyuzi 6.8. Rudia kwa kipimo maradufu na utaona joto limekuwa juli 5,700, ila sasa kuna gramu 200 za kupashwa. Gawanya 5,700 kwa 840. Nyuzi 6.8 vilevile.

Kijana alikaa kimya kidogo, akaifuta ile 13 kwa kidole, akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri. "Na je, tukiongeza asidi peke yake?"

Hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Weka asidi 50, alkali weka 25 tu. Alkali ina moli 0.025, asidi ina 0.05. Mlinganyo unasema zinakutana moli moja kwa moli moja, kwa hiyo alkali ikiisha, shughuli imeisha. Joto lililotoka ni 0.025 mara 57, yaani juli 1,425, nusu ya lile la mwanzo. Asidi iliyobaki haikuleta chochote, lakini nayo inapashwa, kwa maana imo ndani ya kikombe. Ni kama mgeni wa arusi aliyekuja mikono mitupu na bado anakula. Gramu 75 mara 4.2 ni 315. 1,425 kwa 315 ni nyuzi 4.5. Ongeza asidi zaidi na utaona halijoto inazidi kushuka, kwa sababu wageni wanazidi na chakula ni kilekile.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na kama utasahau mengine usisahau huu: kabla hujagusa kikokotoo, tafuta kilichoisha kwanza. Ukubwa wa chombo usikubabaishe, wala wingi wa kile ulichomimina. Joto lote linafuata moli za kile kilichoisha. Ukishazipata moli hizo, zidisha kwa joto la kila moli, na kazi ya kemia imekwisha. Kinachobaki, yaani kujua halijoto imepanda kiasi gani au sufuria ngapi zitachemka, ni hesabu ya kugawana.

Kuna mtego mmoja ambao watunzi wa mitihani wanaupenda. Thamani ya joto inayoandikwa mbele ya mlinganyo ni ya mlinganyo ule jinsi ulivyoandikwa. Gesi ya butani inapoungua, mlinganyo uliosawazishwa kwa namba kamili una moli mbili za butani na moli 13 za oksijeni, na joto lake ni kilojuli 5,754. Mwanafunzi mwenye haraka anasoma 5,754 na kuizidisha kwa moli zake za butani. Amejipa joto maradufu kwa kalamu. Kwa moli moja ni 2,877. Soma namba iliyo mbele ya kila kitu kwenye mlinganyo jinsi muuza duka anavyosoma noti: si rangi tu, hata tarakimu.

Mitego mingine ni midogo na nitaipita haraka. Ile 4.2 ni ya juli na joto la moli ni la kilojuli. Zichanganye na jibu lako litakosea mara elfu. Mmenyuko unaotoa joto huandikwa kwa alama ya kutoa, na mtu aliyefanya hesabu nzima vizuri anaweza kupoteza alama kwa kukisahau hicho kistari. Na usiandike uzito mahali pa moli. Gramu 10 za kaboni na gramu 10 za butani hazilingani kwa idadi ya moli.

Butani ndiyo inayotupeleka jikoni. Mtungi wa kilo 6 unaouzwa kila duka hapa Birongo una mchanganyiko wa butani na propani. Utasema, kama sijui mchanganyiko huo una kiasi gani cha kila moja nitahesabuje? Fanya uone. Moli ya butani ina gramu 58; 2,877 kwa 58 ni kilojuli 49.6 kwa gramu. Moli ya propani ina gramu 44 na hutoa kilojuli 2,220. Hiyo ni 50.5 kwa gramu. Vyovyote itakavyochanganywa, gramu moja ni kilojuli 50 hivi. Mtungi wa kilo 6 una kilojuli laki tatu.

Linganisha na kazi yake. Sufuria ya lita mbili za maji ya bomba yenye nyuzi 20. Hapa kwetu maji hayafiki 100. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka karibu na nyuzi 94. Ndiyo sababu maharagwe ya Kisii yanachukua muda mrefu kuliko ya Mombasa, wala si ukaidi wa maharagwe. Kutoka 20 hadi 94 ni nyuzi 74. Gramu 2,000 mara 4.2 mara 74 ni juli 621,600, sema kilojuli 622. Kwa gesi hiyo ni gramu 12 na nusu, uzito usiozidi wa vijiko vitatu vya sukari. Mtungi wa kilo 6 ungechemsha sufuria kama hizo 480.

Hakuna nyumba inayopata 480. Joto jingi hupita pembeni ya sufuria na kupasha dari. Isitoshe, ile 2,877 ya vitabuni inahesabu kwamba mvuke wa maji unaotokana na kuungua umerudi kuwa maji na kuacha joto lake. Jikoni mvuke huo hukimbia nao dirishani, na hapo tu umepoteza karibu asilimia 8. Jiko likikamata nusu ya joto, una sufuria 240. Likikamata thuluthi, 160. Mtu akikuambia jiko lake linaokoa gesi, muulize sufuria ngapi kwa mtungi. Asipojua, anakuuzia rangi ya jiko.

Makaa nayo hesabu yake ni rahisi zaidi, kwa sababu makaa mazuri ni kaboni kwa sehemu kubwa. Moli ya kaboni ni gramu 12, na ikiungua ikamalizika kuwa kaboni dayoksaidi hutoa kilojuli 393.5. Hiyo ni karibu 33 kwa gramu. Gramu 19 za kaboni safi zingechemsha sufuria yetu. Jiko likikamata robo ya joto, tayarisha gramu 76, na ongeza kidogo kwa sababu makaa yana majivu na unyevu. Jiko la udongo na bati ambalo Wakenya walilizoea tangu miaka ya 1980 liliyapiku yale ya bati tupu kwa jambo hili hili: udongo unazuia joto lisitoroke ubavuni. Kemia ni ileile, moli ni zilezile, ila joto linalofika kwenye sufuria limeongezeka.

Lakini nimesema tutafute kilichoisha kwanza, na kwenye makaa kinachoweza kuisha kwanza ni hewa.

Nataka mkae na hesabu hii kidogo. Moli moja ya kaboni inataka moli moja ya oksijeni, gramu 12 kwa gramu 32. Kilo moja ya kaboni inataka kilo 2.7 za oksijeni. Oksijeni ni chini kidogo ya robo ya hewa kwa uzito, kwa hiyo unahitaji kilo 11 na nusu hivi za hewa. Kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi, meta ya ujazo moja ina uzito wa takriban kilo moja. Kilo moja ya makaa, basi, inataka oksijeni yote iliyomo katika meta za ujazo karibu 12. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3, chenye dari la mita 2 na nusu, kina meta za ujazo 22 na nusu. Kilo moja ya makaa inakula oksijeni ya nusu ya chumba.

Na moto hausubiri oksijeni iishe ndipo ubadilike. Mara inapopungua, kaboni inaanza kuridhika na nusu ya oksijeni inayostahili, ikawa kaboni monoksaidi. Mmenyuko huo unatoa kilojuli 110.5 tu kwa moli badala ya 393.5. Umepoteza zaidi ya thuluthi mbili za joto ulilolinunua, na umepewa badala yake gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu mahali pa oksijeni na kutoiachia kirahisi. Julai hapa kwetu usiku ni baridi, na jiko linaloingizwa ndani likiwa jekundu bila moshi linaonekana salama. Moshi kutokuwepo hakumaanishi chochote. Jiko likae nje mpaka lizimike. Kama lazima mpikie ndani, dirisha na mlango viwe wazi vyote viwili, na asilale mtu nalo. Katika yote niliyoandika hapa, hili ndilo ningelibandika ukutani.

Kuni zina hesabu ya namna nyingine, maana kinachokuibia huko ni maji. Mti uliokauka kabisa hutoa karibu megajuli 18 kwa kilo. Mkaratusi uliokatwa juzi unaweza kuwa nusu mti nusu maji. Watu hudhani hasara ni ule moto unaotumika kukausha, na kweli upo: kupasha nusu kilo ya maji na kuigeuza mvuke kunakula karibu megajuli 1.3. Ila hasara kubwa hata si hiyo. Umebeba mgongoni kilo moja na ndani yake mna nusu kilo tu ya kitu kinachoungua, megajuli 9. Toa ile 1.3, zinabaki 7.7. Kilo ya kuni zilizokaa chini ya paa hadi maji yakabaki sehemu 15 kwa mia inatoa karibu megajuli 15. Mara mbili, kwa mti uleule, na gharama ya ziada ni subira. Viwanda vya chai vinavyotumia kuni kwenye boila, kama vilivyo vingi huku Kisii na Nyamira, huacha kuni zikauke uani kwa sababu hiyo, wala si kwa ajili ya usafi. Ukinunua kuni kwa mzigo, gonga mbili pamoja usikie. Zilizokauka zinalia, mbichi zinanong'ona.

Kwa wenye ng'ombe wa zizini na mtambo wa gesi ya samadi, nina neno moja ambalo mafundi wengi hawalisemi. Vitabu huahidi kwamba meta moja ya ujazo ya gesi hiyo ina megajuli 22 au zaidi. Hesabu hiyo imefanywa kana kwamba tuko ufukweni. Tuirudie. Gesi ya samadi ni methani kwa kiasi cha asilimia 60. Iliyobaki zaidi ni kaboni dayoksaidi, ambayo imeshaungua na haitatoa kitu. Ufukweni, kwa nyuzi 20, moli moja ya gesi inachukua lita 24, kwa hiyo lita 1,000 zina moli 41.7, na 25 kati yake ni methani. Kila moli ya methani hutoa kilojuli 890. Hiyo ndiyo megajuli 22. Lakini huku juu kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 82 ya ile ya pwani, gesi imejitanua, na meta ileile moja ya ujazo ina moli 34 tu kwa jumla, methani 20 na nusu. Megajuli 18. Mtambo wako haujaharibika na ng'ombe wako hawajakuangusha. Ulihesabu kwa lita mahali pa kuhesabu kwa moli. Jiko likikamata nusu, meta hiyo ni sufuria 14 hivi za lita mbili, chai ya nyumba kwa siku kadhaa.

Pwani nimeitaja, na pwani ndiko nilikopata somo langu mwenyewe, kwa ngozi. Nikiwa kijana nilifanya kibarua cha ujenzi Mombasa, na siku moja nikatumwa kuzima chokaa. Waswahili hawakukosea kuliita tendo hilo kuzima. Mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa, yanafukuzwa kaboni dayoksaidi iliyomo, na kila moli ya chokaa hai inayopatikana imemeza kilojuli 178 za moto ule. Ukiimwagia maji inarudisha sehemu yake, kilojuli 65 kwa moli. Mimi sikujua haya. Nilikuwa na ndoo ya plastiki, nikatia chokaa karibu robo ndoo, nikamimina maji juu yake kama mtu anayekoroga uji. Ndoo ililegea ubavuni, maji yakaruka, na alama ya mkononi ninayo mpaka leo.

Ningehesabu ningejua. Kilo moja ya chokaa hai ni moli 17.9, kwa gramu 56 kila moli. Mara 65 ni kilojuli 1,160, joto la kutosha kuchemsha lita tatu na nusu za maji ya hapa Birongo. Mimina lita moja juu ya kilo hiyo na lazima ichemke, hakuna mjadala. Lakini tia kilo hiyohiyo, kidogo kidogo, ndani ya lita 10 za maji na halijoto itapanda karibu nyuzi 27 tu. Joto ni lilelile, waliogawana ni wengi. Hivyo basi chokaa iingie majini, maji yasimiminwe juu ya chokaa. Ndoo iwe ya chuma, macho yafunikwe. Na angalia mfuko kabla ya yote. Chokaa ya unga inayouzwa madukani kwa kupaka ukuta kwa kawaida imeshazimwa kiwandani, na kiasi chochote cha maji utakachotia hakitatoa joto la kutajwa, kwa kuwa moli zake zimekwisha kufanya kazi hiyo.

Nirudi kwa kijana, kwa sababu hakuridhika. Alikuwa ameshika hesabu, akagundua kitu ambacho sikumwonyesha: hesabu inasema 6.8, kipimajoto chao kilisema 6 na nusu. Wapi pointi tatu?

Zimetoroka. Kikombe, hata cha plastiki, hupitisha joto. Kipimajoto chenyewe nacho kinapashwa. Hewa inachukua chake. Ndiyo maana katika jaribio zuri husomi halijoto mara moja ukaondoka. Unasoma kila nusu dakika kabla ya kuchanganya, unaruka dakika ya kuchanganya, unaendelea kusoma mchanganyiko unapopoa, kisha unachora. Mstari wa kupoa unaurudisha nyuma kwa rula hadi kwenye dakika ile ya kuchanganya, na unasoma pale halijoto ambayo kikombe kingefika kama joto lisingepata nafasi ya kutoroka. Wanafunzi wengi wanachora mstari huo kwa sababu wameambiwa, na wengine wanaupinda ili upite kwenye kila nukta. Usiupinde. Nukta za kupoa zinakuambia joto linavuja kwa kasi gani. Unazitumia kudai kilichovuja kabla hujasoma. Koroga taratibu kwa kipimajoto bila kugonga kikombe, na soma jicho likiwa sawa na alama. Jaribio likiwa la kupasha maji kwa taa ya spiriti, usiyafikishe maji kwenye kuchemka, kwa sababu yakianza kuwa mvuke joto linapotelea huko na kipimajoto hakilioni. Funika mdomo wa taa kwa kifuniko chake kabla ya kuipima uzito mara ya pili, vinginevyo spiriti inayotoroka kwenye utambi utaihesabu kana kwamba iliungua.

Kesho yake alirudi na wazo lake. Alitaka kujua jiko la mama yake linakamata sehemu gani ya joto. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tukaazima mizani ya dijitali ya muuza duka, tukaupima mtungi. Gramu 25 hivi za gesi ya sufuria moja, kwa mtungi wenye uzito wa kilo kumi na kitu, ni kidogo mno kuziamini, kwa hiyo tuliamua kuchemsha sufuria tano za lita mbili mfululizo, kila moja kwa maji mapya ya nyuzi 20, kifuniko juu. Mtungi ulipungua gramu 140. Sufuria tano zilistahili gramu 62 na kitu. Akagawa mwenyewe: asilimia 44. Akaandika, akapiga mstari chini yake mara mbili, akataka kurudia bila kifuniko.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mikono kiunoni. Akauliza kama hesabu hiyo ina mahali pa majani ya chai, kwa sababu maji yamechemka mara tano ndani ya nyumba yake na yeye bado hajaona kikombe.